Nyaguthii Hakuzama

Mwalimu Theuri alitia mkono ndani ya kikapu, akapapasa, akatoa karatasi zangu. Nilizijua kwa ile klipu ya kijani.

Ndiyo desturi ya sisi waandishi tunaokutana kila Jumamosi katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa la kina Rupal, hapa Nyeri mjini. Hakuna asomaye kazi yake mwenyewe. Unaitumbukiza kikapuni bila jina, mwenzako anaiokota na kuisoma kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba mwenzako huyo anaweza kuwa Mwalimu.

Maana Nyaguthii hakuwa wangu. Alikuwa mchuma kahawa katika riwaya ya Mwalimu, na kwenye ukurasa wa mwisho Mwalimu alimzamisha katika mto Chania. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa shuleni, nikalia mpaka macho yakavimba. Miaka tisa baadaye nikamtoa majini. Nikamkausha, nikampeleka Kiriaini, nikamfungulia kibanda cha chai.

Rafiki yangu Rupal peke yake ndiye aliyejua. "Weka tu," aliniambia niliposita mlangoni. "Ukikaa nayo nani atajua kama ni nzuri? Na hujaiba. Kumtoa kwa maji ni kazi yako."

Maneno rahisi kwa mtu asiyehukumiwa. Mwaka uliotangulia Mwalimu alimfukuza mwenzetu Muriithi kwa aya moja tu ya kunakili. Mimi sikuwa na kundi jingine, wala mtu mwingine wa kunisomea.

Mwalimu alianza kusoma. Alipofika kwenye jina la Nyaguthii, akaishusha karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. Cherehani ya fundi ikasikika waziwazi kutoka chini. Nilitazama mlango, nikaona viti vinne kati yangu na huo mlango. Akaendelea, polepole, mpaka neno la mwisho.

"Hii ni ya nani?"

Nilitaka kunyamaza. Goti la Rupal likanigusa chini ya meza. Nikainua mkono.

"Sumeya." Alinikazia macho. "Umeandika ati anachechemea mguu ya kulia. Mguu yake mbaya ni ya kushoto."

"Pole, Mwalimu."

"Rekebisha." Alizilainisha karatasi kwa kiganja. "Mimi nilimuua juu sikujua atakula nini. Sikufikiria chai." Akakohoa. "Sasa ile sehemu ingine iko wapi?"

"Sijaandika, Mwalimu."

"Andika. Jumamosi nataka kujua kama hiyo kibanda iko na wateja."

Nilishuka ngazi nimeshika ukuta. Nilikuwa nimeingia nikiogopa kufukuzwa. Nilitoka nikiogopa kwamba Nyaguthii angeweza kufa tena, safari hii mikononi mwangu. Ni miaka mitatu sasa, na hofu hiyo haijaniacha. Nyaguthii anauza chai mpaka leo.