Mtoto wa Kuazima

Siku watu walipohesabiwa, mshonaji alimwazimisha jirani yake mtoto.

Waliishi katika darasa moja la shule tangu mafuriko yabebe nyumba zao, wametenganishwa na shuka lililoning'inizwa kwenye kamba. Kaya ya watu watatu ilipata mfuko mzima wa unga. Ya wawili, nusu. Mshonaji alikuwa na watoto watatu. Jirani, muuza mkaa, alikuwa na mama yake tu, bibi kikongwe asiye na jino hata moja. Basi kitindamimba wa mshonaji, binti wa miaka mitatu, akaandikwa kwenye kadi ya mgao ya muuza mkaa. Hakuna aliyepungukiwa, na bibi alimwombea mshonaji dua wiki nzima.

Mwezi wa pili ukaja unga wa lishe, kwa kaya zenye mtoto chini ya miaka mitano tu. Binti alikuwa amekonda, miguu kama njiti. Muuza mkaa akapokea makopo manne, akayapanga upande wake.

"Dada, nipe ya mwanangu."

"Mwanao? Kadi inasema wangu."

"Acha utani."

"Mama hatafuni. Ndiyo kwanza ashibe tangu mafuriko. Nimpokonye kijiko mdomoni?"

Mshonaji akambeba binti mpaka kwa karani wa mgao. Foleni ilikuwa ndefu. Mlinzi akamwachia kivuli chake, akasimama juani. Karani alimsikiliza vizuri, hata kalamu akaiweka chini.

"Mama, nikiyaandika haya, mmedanganya wote wawili. Nafuta kadi zote mbili. Haki ni sawa kwa kila mtu. Niandike, nisiandike?"

Mshonaji akawaza wanawe wakubwa, akamwaza na bibi. "Usiandike."

Jioni muuza mkaa alikuwa akikoroga uji. "Mimi sina roho mbaya," akasema. "Ale huku. Lakini alale huku pia, karani akipita amkute. Na mama aniite mimi, nisije nikaumbuka."

Mshonaji akamvusha binti upande wa pili. Bibi akajisogeza kumpa nafasi mkekani, akampulizia uji upoe. Mtoto akamaliza bakuli, akalisogeza mbele aongezewe.

"Unamwomba nani?" muuza mkaa akauliza, upawa mkononi.

Nyuma ya shuka, mshonaji alisogea kwenye kamba.

Mtoto akautazama upawa. "Mama," akasema.

Muuza mkaa akampakulia.