Vikombe Tisa vya Bibi Chizuru

Kwa mtu asiyewahi kufika Japani, Hamdan alijiona bingwa mno. Miaka sita alikuwa akisomea namna Wajapani wanavyosema kwamba mtu kamfanyisha mwenzake jambo: mama kamnywesha mtoto dawa, kwa mfano. Neno lao hilo la kunywesha hutosha kwa kumlazimisha mtu anywe na kwa kumwachia anywe. Tofauti ya kulazimisha na kuachia, Hamdan aliandika chini ya ukurasa kwa majivuno, aliyepo mahali hapo hawezi kuikosa.

Tena vitabu vyote vilikubaliana: kijineno "o", kinachomfuata mtendwa, hakikai mara mbili katika sentensi hiyo. Dawa ikishakichukua, mtoto atafute kingine.

Alasiri ile Bibi Chizuru, Mjapani, mke wa injinia mmoja, alikuja nyumbani kwao, mtaa wa Khuwair ya Kusini, kumpimia sentensi zake za Kijapani. Hamdan akamsomea yenye "o" mbili. Mgeni akatabasamu, akajibu kwa Kiarabu chake cha adabu, "Inafaa."

Kumbe vitabu vyote vimekosea, na aliyegundua ni yeye, mtoto wa Bi Masouda. Kesho angewahutubia wataalamu wa nchi saba, na tayari alikuwa akiwaza avae kanzu gani. Akasoma nyingine, mbovu zaidi. "Inafaa." Na ya tatu. "Inafaa pia."

Muda wote huo mama yake alikuwa akimimina kahawa. Kikombe kikiisha, anajaza. Sasa akaliweka birika chini.

"Hamdan, nnamtilia mgeni wako cha tisa hiki, na mikono yamtetemeka. Ulimwambia kuwa aliyetosheka hutikisa kikombe? Wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, wewe wataka mgeni augue."

Hakumwambia. Nani hukumbuka kumfundisha mgeni jambo alilozaliwa nalo yeye mwenyewe? Akamweleza, uso umemshuka. Bibi Chizuru akakitikisa kikombe mara tatu, akashusha pumzi.

"Niliona kukataa ni kukosa adabu," alisema.

Hamdan akazitazama sentensi zake. Angeweza kunyamaza, mgeni keshasema zinafaa, na kesho ilikuwa karibu. Alitamani sana kunyamaza. Mwishowe akamsogezea karatasi.

"Na hizi? Isiyofaa, tikisa kikombe."

Bibi Chizuru akasoma ya kwanza, akatikisa. Ya pili, akatikisa. Ya tatu alitikisa kwa mikono miwili.

Hamdan akachukua kalamu. Kabla ya kuzigusa sentensi, akakata mstari ule wa chini ya ukurasa, uliosema kwamba aliyepo mahali hapo hawezi kuikosa tofauti.