Jumapili ya Kumuaga Tuso

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha aje kijijini kwetu Brañaseca Jumapili ya mwisho ya Agosti, siku ya mbio za magari, barabara ikishafungwa na ng'ombe wakishatiwa zizini, aone baraka zinavyopanda mlima huku matairi yanalia. Mwaka ule ni polepole ndiyo iliyokaribia kutuletea laana. Tena polepole ya kupangwa, iliyokaliwa kikao.

Jina lake kamili ni Fructuoso Llana, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa daktari wa meno. Sisi wengine wote tunamwita Tuso. Alianza na lori la maziwa. Alilishusha kutoka malisho ya juu hadi kiwandani kwa mwendo ambao watu walisema maziwa yake yalifika yakiwa siagi. Kisha akanunua gari dogo lililokwisha kuchakaa kwa dereva mmoja wa teksi wa mjini Oviedo, akalivua viti, na kwa gari hilo akawaacha nyuma watoto wa matajiri wa mkoa wetu wote wa Asturias. Alitwaa ubingwa wa mkoa mara kadhaa. Timu moja ya Madrid ikamsikia, ikamwita, na kwa msimu mmoja alikimbia kwenye viwanja vikubwa, huko ambako magari yanazunguka pamoja na mtu anaweza kumwona anayemfukuza.

Msimu huo mmoja uliishia kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za mwisho. Tuso alikuwa anaongoza. Kutoka pembeni timu ikamnyanyulia ubao: ampishe mwenzake, mtoto wa mwenye timu. Akampisha.

"Nilipunguza," huwa anasema huku anakaza nati, bila kuinua kichwa. "Nikadhani watanikumbuka kwa heshima. Simu haikulia tena."

Akarudi nyumbani, akafungua gereji, akamwoa Olvido. Tangu hapo alishindana kwenye milima yetu tu, gari moja moja dhidi ya saa. Mimi niliingia gereji yake na stashahada yangu ya ufundi magari kwapani. Akaitazama, akaniuliza kama inajua kubadilisha klachi. Mwaka uliofuata alinipa gari lake la akiba, lile la rangi ya chungwa, nikaanza kupanda naye. Gari lake, matairi yake, mafuta yake. Cha kwangu kilikuwa helmeti tu.

Ndipo akatangaza kwamba anastaafu, na kwamba mpando wa mlima wa Brañaseca, unaopita mbele ya nyumba aliyozaliwa, utakuwa wa mwisho.

Jumamosi jioni mwenyekiti wa klabu yetu, Belarmino, muuza nyama mwenye masharubu kama ufagio, alituita kwenye nyumba ya sidra, kile kileo chetu cha tofaa. Madereva wote tulikuwepo isipokuwa Tuso. Bi Olvido alikuwepo pia, koti lake limefungwa hadi shingoni, kana kwamba yuko kanisani.

"Sikilizeni," Belarmino alisema. "Kesho Tuso anapanda kwa mara ya mwisho. Sitaki mashujaa."

"Hutaki mashujaa kivipi?" nikauliza.

"Kila mmoja wenu ana mguu wa kulia, Cova. Na kila mmoja anajua kuunyanyua kwenye mafuta."

"Mimi nitapanda kama nimebeba trei ya mayai," alisema Xandru, dereva mwenye kasi kuliko wote bondeni.

"Wewe siku zote unapanda kama umebeba mayai," Nel akamdakia. "Tena mabovu, ndiyo maana hata hujali yakivunjika."

Meza ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Bi Olvido akanishika mkono.

"Mwanangu, hawa siwaogopi. Wewe ndiye ninayekuogopa. Mwache ashinde. Akishinda atatulia, atakuwa amemaliza vizuri. Akishindwa, namjua mume wangu, atataka mwaka mwingine. Nimeshatuandikisha kwenye safari ya wastaafu ya Benidorm, kule pwani. Mwezi wa kumi na moja, jua tupu. Unajua ni Agosti ngapi nimesimama kwenye kona na rozari, nikisikiliza kama injini itaendelea au itanyamaza?"

Nilijua. Nilikuwa nimesimama naye kwenye kona hiyo hiyo nilipokuwa msichana, na nilimwona anavyohema injini ikishapita. Siwezi kusema ombi lake halikunigusa.

"Na akigundua, Bi Olvido?"

"Atagunduaje? Nani wa kumwambia?"

Kabla sijajibu, mmiminaji wa sidra alishainua chupa juu ya kichwa chake na kuishikilia glasi chini karibu na paja. Sidra ikaanguka kutoka mbinguni hadi duniani, ikapiga ukingo wa glasi na kutoa povu. Glasi ni moja kwa meza nzima. Unakunywa funda zima papo hapo, unabakiza tone la kusuuzia pale midomo yako ilipogusa, unalimwaga sakafuni, unampa wa pili.

"Kwa Tuso," alisema Belarmino, akanywa.

"Kwa Tuso," akasema Xandru. Kisha Nel. Kisha wengine wote, kila mmoja akitikisa kichwa kama anayetia saini. Glasi ikanifikia mimi.

Sasa, sidra iliyokwisha kumiminwa haingoji hoja. Povu likifa, kinachobaki ni maji ya tofaa yaliyochacha, na kumrudishia mmiminaji sidra iliyokufa ni sawa na kumtukania mama yake. Nikanywa. Nikamwaga tone. Wakapiga meza kwa viganja, Bi Olvido akanibusu shavuni.

Wao walikuwa wamekiona kiapo. Mimi nilikuwa nimekunywa sidra.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu yale yasiyolowesha nguo ila yanalowesha lami. Mbio zetu zina mpando wa mazoezi na mpando wa kuhesabiwa, na kati ya hiyo miwili magari yote hushuka pamoja kwa msafara. Mpando wa mazoezi ulikwisha salama. Tulipokuwa tumejipanga chini tena, Tuso akaja kukagua matairi yangu, kama alivyofanya kila mara, akiyapigapiga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti.

"Kona ya ghala," akasema. "Unashika breki wapi?"

Kona ya ghala ni ile inayopinda chini ya ghala la mahindi lililosimama juu ya miguu ya mawe. Kila dereva aliyepanda mlima wetu ameiogopa, na wawili waliishia ndani ya nyumba ya kuku ya jirani.

"Ukuta unapoanza, fundi."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Huyo alikuwa mimi wa zamani." Akatazama huku na huku, akainama hadi nikasikia harufu ya kahawa mdomoni mwake. "Siku hizi ukuta nauacha upite. Nanyanyua mguu kidogo tu nikiuona mlango wa zizi, kisha nakanyaga tena. Barabara hapo inainama upande wako, inakubeba. Huwezi kuiona, unaisikia kiunoni. Sijamwambia mtu. Hata Xandru. Hasa Xandru."

"Mbona unaniambia sasa? Mimi ninapanda kabla yako."

"Ulitaka nife nayo?"

Akanigonga helmeti, akaenda kwenye gari lake.

Nilikaa ndani ya lile gari la chungwa nikiwangoja walio mbele yangu. Wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka nilimsikia akipandisha gia mapema, injini ikikoroma badala ya kupiga kelele. Mayai, mayai, mayai. Xandru alipita kwenye daraja akiwa na nafasi hata ya kumpungia mkono bibi yake. Nikawaza: mtu amenipa siri aliyoilinda miaka yote, nami nimrudishie uongo? Aliwahi kupunguza mara moja kwa kuwa waliomzunguka walimwambia ni heshima. Jana tulikaa kikao tumrudishie tusi lile lile, tukalifunga na utepe.

Nikawaza pia kuhusu funguo. Gari lilikuwa lake. Nikimharibia siku yake, kesho ningekuwa fundi asiye na kiti, mwenye helmeti ya kuotesha maua.

Bendera ikashuka.

Sitaeleza mpando mzima. Atakaye kuujua aje aupande. Nitasema tu kwamba ukuta wa ghala ulipoanza, mguu wangu wote ulitaka breki, mfupa kwa mfupa, nami nikaukatalia. Ukuta ukapita. Mlango wa zizi ukatokea, mwekundu, umelowa. Nikanyanyua kidogo, nikakanyaga, na barabara ikanibeba kiunoni kama alivyosema, kama mama anavyompandisha mtoto mgongoni. Watu waliokaa juu ya ukuta walisimama wote. Hawakushangilia. Walikuwa wameshaambiwa nani anatakiwa kushinda.

Kule juu, penye malisho, nilizima injini. Madereva waliotangulia walikuwa wamesimama karibu na meza ya saa. Belarmino alikuja mbio, masharubu yake yanatetemeka.

"Umefanya nini, wewe? Ulikunywa glasi! Wote tulikuona!"

"Nilikunywa sidra, Belarmino. Kama kulikuwa na kiapo, kingeletwa kwenye sahani nyingine."

"Huna haya," alisema Nel. "Kwenye kijiji chake!"

"Nyamazeni," Xandru akasema. "Anakuja."

Tukamsikia Tuso kutoka chini. Gari lake tulilijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Daraja. Kanisa. Ukuta wa ghala, na injini haikushuka, haikushuka, ikapumua mara moja, ikapanda tena. Nilijikuta nimefumba macho nikimwombea. Nilitaka anishinde. Naapa nilitaka anishinde, lakini anishinde mimi, mimi niliyekanyaga hadi mwisho.

Alipita mstari. Mtu wa saa akaandika, akatazama, akatazama tena. Tuso alikuwa nyuma yangu kwa chini ya nusu sekunde.

Alishuka, akavua helmeti, nywele zake nyeupe zimeganda kwa jasho. Akaenda kwenye ubao wa matokeo, akausoma kama daktari anavyosoma vipimo. Alijua kasi ya kila mtu pale kuliko mama zao. Kidole chake kikasimama kwenye jina la Xandru.

"Gari lako linaumwa tumbo?"

"Lami ilikuwa inateleza, fundi."

"Na Nel? Kwake kulianguka theluji?" Akapitisha kidole hadi chini. "Na wewe? Na wewe? Wote lami iliteleza, isipokuwa kwa msichana huyu mwenye gari kuukuu kuliko yote?"

Madereva wote wakaanza kukagua matairi yao. Ng'ombe mmoja alilia mbali, na hata huyo akajuta.

"Mmenizika nikiwa hai," alisema Tuso, bila kupandisha sauti. Kisha akanigeukia na kunyoosha mkono. "Funguo."

Nikampa. Akafungua gari la chungwa, akaketi kwenye kiti changu, akashika usukani, akabonyeza pedali moja baada ya nyingine. Halafu akatoka, akanirushia funguo kifuani.

"Umekaa karibu mno na usukani. Mikono yako inabanwa kwenye kona. Ukisogeza kiti nyuma kidogo, unapata zaidi." Akakohoa. "Kesho uje mapema. Tunashusha injini yangu. Kuna nguvu inapotea kwenye gia ya tatu, naijua, nimekuwa mvivu tu kuitafuta."

"Injini ya nini, fundi? Si unastaafu?"

"Nani kasema?"

Tulishuka kwa msafara, yeye mbele, honi zikilia. Safari hii watu juu ya kuta walishangilia, hata kama hawakujua wanashangilia nini. Uwanjani kulikuwa na hema, maharage meupe na soseji za damu yakichemka kwenye sufuria kubwa, na meza yenye bamba la fedha lililochorwa jina lake. Nilipewa kikombe changu kwa makofi machache yaliyolala. Tuso akapewa bamba, akalitazama mbele na nyuma, akamrudishia Belarmino.

"Asanteni sana. Niwekeeni kabatini," akasema kwenye maikrofoni. "Mtanipa nikiacha. Mwakani nina kazi na msichana mmoja."

Sasa ndipo uwanja ulipolipuka, na Xandru akapiga kelele kuliko wote, akiapa kwamba mwakani atatuonyesha sote mayai ni nini.

Bi Olvido alikuja kwangu akipasua katikati ya watu. Wakampisha.

"Umefurahi?" akasema. "Nilikuomba kama mama. Angekuwa wangu kuanzia leo. Leo, Cova! Sasa nitasimama tena kwenye ile kona. Benidorm nitakwenda na nani, na dada yangu mkoromaji?"

"Bi Olvido..."

"Usiniite Bi Olvido. Niombe radhi. Hapa, mbele ya hawa wote waliokuona ukinywa."

Belarmino akaitikia kwa kichwa. Watu wakanisogelea ili wasikie vizuri. Nyuma yao nilimwona Tuso, amepiga magoti kando ya gari lake, kifuniko cha injini kimeinuliwa, akimweleza Nel jambo kwa mikono miwili, uso wake umewaka kama wa mtu aliyefika kazini siku ya kwanza.

"Mwakani nitakutafutia kiti ukae," nikamwambia. "Mabegi ya Benidorm nitayabeba mimi mwenyewe hadi kwenye basi, na huyo bwana nitamsukumia ndani, mbio zipo Agosti, Novemba hana kazi. Ukitaka nikuoshee vyombo hadi Krismasi, nitaviosha. Lakini radhi siombi."

"Cova!"

"Siombi, mama. Leo siombi, na kesho ukiniuliza, siombi."