Wageni Wawili kwa Mgonjwa

Jumatano baada ya chakula cha mchana, Cyiza aliweka kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya nyumba yake, kijijini Kashojwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaichomeka kwenye sola ya jirani, akaiamuru iunganishe picha na sauti ziwe filamu moja, kisha akakaa kusubiri. Filamu yenyewe ilikuwa ya harusi. Cyiza ndiye mpiga picha wa harusi za kanisa lao, na kwa kawaida harusi huwa za watu wengine. Safari hii bwana harusi alikuwa yeye. Kamera alimwachia rafiki yake Jean-de-Dieu, ambaye alipiga vizuri sana mpaka pale chakula kilipoanza kugawiwa.

Mstari wa kijani ulisogea hadi katikati ya kioo. Feni ikavuma, ikaunguruma, kisha kompyuta ikazima. Haikutoa onyo. Ilizima tu, kama mtu aliyefumba macho katikati ya mazungumzo.

"Imezima tena?" aliuliza mkewe, Ishema, kutoka jikoni.

"Imezima. Fasi ileile."

"Fasi ya ngombe?"

"Njo palepale."

Ishema akaendelea kuchambua maharage, na harufu ya zizi iliyokuwa ikitoka kwenye feni ikapungua taratibu, kama ilivyofanya jana na juzi.

Haraka yao ilikuwa hii. Nyirabizimana, mama yake Cyiza, hakuwa harusini. Alikuwa amelazwa hospitali Mbarara kwa ajili ya tumbo, na Ijumaa asubuhi angepasuliwa. Daktari alimvuta Cyiza pembeni akamwambia kwamba moyo wa mama umechoka, huenda asiamke. Mama hakuambiwa, lakini mama si mtoto. Aliomba kitu kimoja tu: aione harusi ya mwanawe kabla hajaingia. Si kusimuliwa. Kuiona. Cyiza alimwahidi, na tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana.

Kwa watu wao, walioteremka kutoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini, ndoa hufungwa kwa ng'ombe. Kambini Nakivale ng'ombe ni wachache, kwa hiyo hutolewa kwa mdomo. Mzee wa upande wa bwana harusi husimama na fimbo yake, huwataja ng'ombe mmoja mmoja, rangi yake, pembe zake, mama yake, na wazee wa bibi harusi hujibu kwamba wamepokea. Kila mtu anajua kwamba wanaotajwa ni ng'ombe ambao hawapo. Pembe huwa ndefu kupita kiasi, maziwa huwa hayana vyombo vya kuyatosha, watu hucheka, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Siku ya harusi ya Cyiza alisimama Mutware, baba yake mdogo, na Mutware akakosea. Labda ni uzee, labda ni furaha iliyomzidi. Badala ya kubuni, aliwataja wa kweli. Aliwaita Bihogo, Gitare, Sine, Bugondo na wenzao, wote wanane, mpaka Gaju: ng'ombe wa Nyirabizimana mwenyewe, waliochukuliwa na watu wenye bunduki asubuhi ile kijiji kilipochomwa. Wazee chini ya turubai waliinamisha vichwa. Ng'ombe aliyelelewa kwa jina, akiitwa huja, na hawa walikuwa hawajasikia majina yao kwa miaka mingi.

*

Alhamisi asubuhi Cyiza na Ishema walishuka Mbarara na kompyuta ndani ya begi la kanga. Duka la Kamaldin lilikuwa chumba kimoja karibu na msikiti, limejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Kamaldin mwenyewe alikuwa mtu wa subira, mwenye kofia ya kufumwa na bisibisi nyuma ya sikio, na hakuwa mtu wa kuamini maneno ya mteja kabla hajaona kwa macho yake.

Aliitoa betri, akaiwasha kompyuta kwa chaja peke yake. Ilipofika pale pale, ikazima. Akabadilisha chaja. Ikazima. Akachomoa memori, akazipangusa, akazirudisha. Ikazima. Ndipo alipofungua kifuniko cha chini. Hapo, kwenye kompyuta za watu wengine, huwa anakuta vumbi. Kwenye hii alikuta majani mabichi yamesokotana kwenye feni, yana umande, na manyoya mafupi mekundu.

Akavisafisha vyote kwa brashi. Akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto, akafunga, akaibebesha kazi nzito makusudi: michezo miwili na filamu ya Kihindi kwa pamoja. Kompyuta ikavumilia bila kutoa jasho. Akamwambia Cyiza sasa aweke harusi. Mstari ukafika katikati, mashine ikazima, na walipofungua kifuniko majani yalikuwa yamerudi.

"Ssebo," alisema Kamaldin, "mashine yako haina ubaya. Lakini iko na ng'ombe."

"Ziko munane," alisema Cyiza.

"Zote nane zinaingia pamoja?"

"Muzee aliziita zote mara moya."

"Sasa. Joto ya ng'ombe nane, kwa feni ndogo hivi? Kompyuta inazima ili isiungue. Hiyo si ugonjwa, hiyo ni akili."

Kamaldin alizaliwa Ankole, ambako ng'ombe hawamshangazi mtu. Tena babu yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na kwa heshima ya waliokuwemo ndani aliona afadhali asilitaje jambo hilo.

"Tufanye je, Fundi?"

"Njia rahisi iko. Kata hiyo kipande. Bila ng'ombe, filamu inatoka sasa hivi."

Cyiza alimtazama mkewe. Ndoa yake Ishema ilikuwa ndani ya kipande hicho. Kabla yake alikuwa msichana aliyevaa vizuri, na baada yake alikuwa mke wa mtu. Ishema aliinama akarekebisha mkanda wa kiatu ambao haukuwa na kasoro.

"Kata," alisema. "Mama aone sura zetu. Itatosha."

Alilisema neno hilo kwa upole, ingawa lilimuuma mwenyewe. Cyiza akakata. Filamu ilitoka kabla Kamaldin hajamaliza chai yake.

*

Wadi ya akina mama ilikuwa na madirisha yanayotazama kilima cha Kamukuzi. Nyirabizimana alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani vizuri kama mtu anayekwenda ibadani, na mikono yake imekonda hata Cyiza alishindwa kuiangalia. Waliiweka kompyuta juu ya mapaja yake.

Aliwafurahia waimbaji. Alimcheka Jean-de-Dieu, aliyekuwa amepiga sufuria ya nyama kwa muda mrefu kuliko alivyompiga mchungaji. Alimshika Ishema mkono, akamwambia gauni limemkaa. Kisha akamwona Mutware anasimama na fimbo yake, na mara hiyo hiyo akaona watu wanakula.

Aliitazama mpaka mwisho.

"Ni muzuri, mwanangu. Aksanti." Akakisogelea kioo. "Na ngombe?"

"Mama, ile masini inachoka sana…"

"Mutware alizitaya?"

"Alizitaya."

"Gani?"

"Zile zetu," alisema Cyiza. "Za kweli."

Nyirabizimana alifumba macho. Machozi yalipita pembeni mwa pua, naye hakuyafuta.

"Basi njo zilikuya," alisema, "na weye ukazikata. Kesho nitaingia kwa dokta, na mutoto yangu hayaoa bado."

Cyiza alijiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona maishani. Akakirudisha kile kipande mahali pake, akaiamuru kompyuta ianze upya. Mstari ulipokaribia katikati, feni ikaunguruma, na Bihogo alikuwa amesimama kati ya vitanda, anatazama huku na huku. Nyuma yake Gitare alikuwa anajipenyeza, na nyuma ya Gitare pembe nyingine zilikuwa zinagonga fremu ya mlango. Kioo kilianza kufifia.

Hapo ndipo alipoingia Sista Mbabazi, muuguzi wa zamu, na sinia la dawa. Alisimama, akahesabu.

"Hapana," alisema. "Hapa mgonjwa mmoja wageni wawili tu. Wawili! Imeandikwa pale mlangoni. Hawa wengine wangoje nje. Na mwenye kuchafua sakafu, ataosha."

"Tuko tayari babili," alisema Cyiza kwa unyonge. "Miye na bibi yangu."

Ishema aliinuka. "Miye ninatoka," alisema. "Aingie mwenye ametoka mbali."

Alikwenda mlangoni, akakunja gauni, akatandaza mikono kama wanavyofanya kwenye birika la maji, pale ambapo ng'ombe wenye kiu wakiachwa huangukiana na kuvunja birika lenyewe. Aliwarudisha wote kwenye veranda, kisha akamruhusu Bihogo peke yake. Feni ikapumua. Mstari wa kijani ukasogea polepole, Bihogo akatoka, Gitare akaingia, mstari ukasogea tena. Cyiza alielewa kosa lake. Alikuwa ameibebesha kompyuta kipande chote kwa mkupuo, wakati kingeweza kukatwa vipande vidogo, kila ng'ombe na chake. Akaketi akawa anaviunganisha hivyo, kimoja kimoja.

Nyirabizimana aliwasalimu kwa majina. Aliwakuna kati ya pembe, akawapa habari: nani amekufa, nani amepelekwa Amerika, nani amezaa. Kila paja lilikuwa na alama ya chuma cha moto asiyoijua, ya wale waliowachukua. Shingoni kwa Sine palikuwa na kamba ya plastiki iliyomla ngozi. Bugondo alikuwa anachechemea, na begani alikuwa na tundu la risasi lililopona vibaya. Mama alipitisha kidole kwenye kila kovu, hakuuliza swali, kwa sababu wa kuulizwa hawakuwa hapo. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Isingiro, aliomba ashike pembe. Akashika, akasifu, ila akasema za kwao ni ndefu zaidi.

Wa mwisho alikuwa Gaju, naye hakuja peke yake. Alikuwa na ndama.

"Hao ni wawili," alisema Sista Mbabazi, akimtazama Cyiza.

Sheria ni sheria. Cyiza aliiacha kompyuta kitandani, akatoka kwenye veranda, akasimama karibu na mkewe katikati ya ng'ombe waliokuwa wanacheua. Ishema aliegemeza kichwa begani kwake, na kwa mlango ulioachwa wazi wakamsikia mama anacheka, kicheko ambacho Cyiza alidhani kimebaki huko nyanda za juu.

"Ishema!" aliita mama. "Kuya, binti yangu. Huyu mutoto hana alama."

Mbabazi alikuwa anapima presha ya mtu mwingine, akageuza mgongo. Ishema aliingia. Nyirabizimana alikuwa amempapasa ndama paja la kulia na la kushoto, na yote mawili yalikuwa laini.

"Huyu hakuitwa na mutu. Alifuata mama yake," alisema. "Hawakumutia chuma bado, na jina hawakumupa. Basi ni wetu. Ni wako. Mwite Kashojwa."

"Nimepokea, Mama," alisema Ishema, kwa sauti ya wazee wa kwao.

Kompyuta ikalia kengele ndogo. Filamu ilikuwa imekamilika, na mashine ilikuwa ya uvuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

Jua lilipoanza kuinama upande wa Kamukuzi, ng'ombe walianza kugeuza vichwa. Ilikuwa inakaribia saa ya kukamua huko waliko, na waliowachukua hawapendi ng'ombe wa kuchelewa. Nyirabizimana alilijua hilo kwa kuziona mbavu zao. Aliwaaga yeye mwenyewe. Wakaondoka kwa foleni, Gaju wa mwisho na ndama wake, na Cyiza akaomba ndoo akaosha sakafu.

*

Nyirabizimana aliingia kwa daktari Ijumaa, na akaamka. Daktari alisema ni bahati. Mama alisema mtu aliyekwisha kumwozesha mwanawe hana haraka. Alirudi Kashojwa na kovu tumboni, akawa anakaa mlangoni akimrekebisha Ishema jinsi ya kupika ugali, kazi ambayo Ishema aliijua vizuri na akaivumilia.

Kompyuta haikuzima tena. Cyiza aliitumia kwa harusi za watu, na wazee, kabla ya kusimama na fimbo, walikuwa wanamuuliza kwanza kama majina fulani ni salama.

Mvua zilipoanza, mama aliomba jioni moja aonyeshwe kile kipande cha mwisho. Cyiza aliweka kompyuta juu ya ndoo. Mutware alipofika kwenye jina la Gaju, ndama alikuja peke yake, akasimama uani kwenye manyunyu. Alikuwa mtamba sasa, amefika kifua cha Ishema, na pembe zilikuwa zimechomoza. Ishema alimwita kwa jina, akaja. Alipogeuka kumlamba mkono, wote watatu waliliona paja la kushoto. Chuma kilikuwa kimepita hapo siku si nyingi, na kidonda kilikuwa bado kibichi.

Cyiza alisimama, kisha akakaa. Hakukuwa na mahali pa kwenda.

"Leta samuli," alisema mama.

Ishema alileta samli kwenye kibakuli. Nyirabizimana alipiga magoti kwenye matope, na kovu lake, akaipaka taratibu kuzunguka ile alama, akipuliza kila mtamba alipotetemeka. Alipomaliza alimfuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Haya, nenda, mama," alimwambia. "Wasikuye wakakupiga kwa kuchelewa."