Salamu za Alfajiri

Jina la Nabii alibandikwa na wasomaji wake. Zamani, simu zikiwa bado hazijui kujibu zenyewe, aliandika kwamba itafika siku mtu ataiachia mashine hata kazi ya kumpenda mzazi wake. Watu wakamcheka. Sasa hawacheki tena. Wamejaa ukumbi wa maktaba mpaka wengine wamekaa sakafuni, na Nabii yuko jukwaani anawapa vidonge vyao.

"Mnakula na simu, mnalala na simu! Siku ikizima mtamjua nani?"

Makofi hayo! Mama yake, aliyekaa safu ya mbele na mkoba mapajani, akanyoosha mkono. Moyo ukampiga paa Nabii.

Kisa chenyewe ni hiki. Akiwa amebanwa na kitabu kipya, aliitegesha simu imwamkie mama kila alfajiri, na mama akijibu, imjibu. Ni kwa muda tu, alijiambia. Muda gani, bwana! Alinogewa. Ujumbe wa mama hakuufungua tena.

"Mwanangu hasemi tu," mama aliwaambia watu kwa fahari. "Kila alfajiri lazima aniamkie. Shikamoo mama, umeamkaje. Hajaruka hata siku moja."

Ukumbi mzima ukaguna kwa upendo. Nabii akatabasamu huku jasho likimtiririka mgongoni. Aliona aibu, jamani, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema ukweli palepale. Hakusema, maana aliwaogopa wasomaji, na zaidi alimwogopa mama.

Shughuli ilipoisha akamshika mama mkono washuke ngazi. Mama akapapasa kwa mguu, akaikosa ngazi, nusura aanguke.

"Mama, vipi?"

"Si jicho hili la kushoto, baba. Limezima."

"Limezima? Mbona hukuniambia?"

Mama akamgeukia, akamtazama kwa lile jicho zima.

"Nilikuambia asubuhi ileile lilipozima. Ukanijibu, 'Nafurahi kusikia hivyo mama, uwe na siku njema.'" Akamsugua mkono kama anayebembeleza mtoto. "Nikasema, ah, mwanangu ana mengi. Nikaona nisikusumbue tena."



"Mama, yule hakuwa mimi."

"Najua, baba. Kazi zinambadilisha mtu."

Na yeye, Mungu amsamehe, akaliacha neno hilo hivyohivyo.