Kiganja Mgongoni

Kwa miaka kumi na moja Corinne Dunning alitembea hatua moja nyuma ya mumewe, mkono wake mgongoni kwake, na watu wa mji wa Eureka wakasema hayo ndiyo mapenzi. Ungewakuta ndani ya lile ghala lililokuwa la mbao zamani, wanapita kati ya safu za bangi chini ya taa za rangi ya chungwa, mume mbele na miwani yake ya kijani ya kukinga taa, mke nyuma amemgusa shati, ukawaonea wivu. Wivu wa bure. Lyle Dunning, bwana shamba aliyesifiwa wilaya nzima ya Humboldt, alikuwa hatofautishi nyekundu na kijani.

Alizaliwa hivyo. Doa la kutu likikaa juu ya jani la kijani, yeye aliona jani tu. Sasa mtu wa namna hiyo kuutibu mmea wa ndani atawezaje, na mmea hauna mdomo, husema njaa yake kwa rangi? Majani ya chini yakigeuka manjano, umekosa naitrojeni, unawanyonya wazee ili ulishe vichanga. Yakipauka ya juu, umekosa chuma. Madoa ya kutu kwenye majani mabichi, umekosa kalsiamu. Lyle aliyajua yote hayo kwa moyo, tena kuliko Corinne. Aliyekuwa akiyaona ni Corinne.

Kwa hiyo wakatunga lugha yao. Kidole kimoja mgongoni, manjano. Viwili, kutu. Vitatu, zambarau. Kiganja kizima, safi, songa mbele. Lyle alikuwa akihisi vidole, anavuta pumzi, anasugua jani kwa gumba kama mganga, kisha anatamka ugonjwa na dawa yake. Wakataji wa maua wakabaki vinywa wazi. Usione vyaelea, vimeundwa, na fundi mwenyewe alikuwa kimya nyuma ya shati.

Angekuwa mwema, siri ile ingezikwa nao. Lakini Lyle alikuwa na ulimi wa upupu. Mwaka juzi Marcy Oakes, mkataji wa siku nyingi, alimwambia mbele ya wenzake, "Bosi, naona haya yana madoa." Kumbe yalikuwa matone ya dawa yaliyokauka. Lyle alichuma lile jani akamnyooshea.

"Tafuna."

"Bosi, nilidhani tu..."

"Ukilisingizia jani langu ugonjwa, unalila. Tafuna, Marcy, tuna kazi."

Marcy alitafuna, machozi yanamtoka, wenzake wakitazama viatu vyao. Toka siku hiyo ikawa sheria ya ghala, na hakuna aliyethubutu tena kumwonyesha Lyle chochote. Corinne naye alikuwepo. Kiganja chake ndicho kilichomwambia Lyle kwamba jani lile ni safi, na hakukiondoa mpaka Marcy alipomeza.

Vuli hii ikaja habari. Kampuni yenye ghala, iliyo na maghala mengine manne, ilitaka bwana shamba mmoja wa kuyasimamia yote, na mkubwa wao, Bi Pilar Echeverria, angetoka Salinas kuja kuchagua. Corinne akataka kitu kimoja tu. Kwenye chakula cha kaa, Jumapili ile wafanyakazi wote walipoalikwa nyumbani msimu wa kuvua kaa ulipofunguliwa, alisubiri watu washibe, akasema kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia:

"Lyle, huyo mama akija, mwambie tunafanya wawili. Hilo tu. Jina langu lisikike mara moja."

Lyle alivunja gando la kaa kwa meno, akalinyonya taratibu.

"Jamani, mmemsikia? Mbwa anatembea na mkia wake. Nani kati yenu ameshaona mkia ukipewa cheo?"

Wakacheka, maana asiyecheka angekiona cha moto Jumatatu.

"Sikutanii, mume wangu."

"Wala mimi sitanii. Kesho usiingie vyumba vya mimea. Kaoshe vyungu vya kupandia mpaka adabu ikurudie."

Corinne akaosha vyungu siku kumi. Lyle alijua mke wake atakuja kuomba msamaha, na mimea ilikuwa na wiki chache tu kabla ya kuvunwa, kitu gani kingeharibika? Alisahau mtambo mpya wa kuchuja maji aliokuwa ameufunga mwenyewe chumba cha tatu. Maji yake yalitoka matupu, kila kilichokuwemo kimeachwa kwenye chujio, na maji ya namna hiyo lazima uyarudishie kalsiamu kwanza. Hakuyarudishia, kwa kuwa hakuona sababu. Siku ya nne Corinne alichungulia chumba cha tatu kupitia kidirisha cha mlango akaona kutu. Siku ya saba ilikuwa imejaa. Marcy aliiona, wote waliiona, na wote walikumbuka sheria.

Corinne angeweza kusema. Alisimama pale na brashi yake ya vyungu, na akagundua kwamba anafurahi. Alirudi kwenye karo akafungulia maji.

Siku ya mgeni Lyle alimjia akiwa anafunga vifungo vya shati.

"Haya, adhabu imekwisha. Njoo utembee."

"Hakuna neno lingine, Lyle?"

"Neno gani? Fuata, mama anashuka kwenye gari."

Akafuata. Bi Pilar alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya shamba na maneno machache. Wakaingia chumba cha kwanza, salama. Cha pili, salama. Cha tatu, Lyle akapunguza mwendo kwenye safu ya kwanza kama kawaida yake, akisubiri mgongo umwambie. Majani yote pale yalikuwa kama bati bovu.

Corinne akaweka kiganja kizima.

Akamhisi mumewe analegea mabega. Aliujua mgongo ule kuliko uso wake, na uliiamini mikono yake bila shaka yoyote, hata baada ya vyungu na mkia. Hapo kidogo aondoe mkono. Akaukandamiza zaidi.

"Chumba hiki ndicho fahari yangu," Lyle akasema. "Tazama afya hiyo. Sijawahi kupata majani masafi namna hii."

Bi Pilar akainamia majani. Kisha akasema, "Chini ya taa hizi kila mtu huona vibaya. Tupeleke jani moja mlangoni."

Ndiyo desturi ya kazi hii, jani halihukumiwi ila kwa mwanga wa mchana. Lyle mwenyewe akachuma jani, akalipeleka hadi mlango mkubwa wa kupakilia. Wakataji waliacha mikasi yao. Akavua miwani, akaliinua jani juani mbele ya watu wote, na nyuma yake kiganja kikarudi, chote, cha moto.

"Safi," akasema Lyle.

"Hili?" akauliza Bi Pilar.

"Hilo. Kama lina kosa, nionyeshe."

Mtu mmoja kule nyuma alikohoa. Bi Pilar akalitazama jani, lililokuwa na madoa ya kahawia tele, halafu akamtazama Lyle machoni, kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtoto aliyejikojolea.

"Bwana Dunning, umevaa shati la rangi gani leo?"

Lyle akainama akalitazama shati lake. Mashati yake yalipangwa na Corinne kila asubuhi. Akageuka.

"Corinne?"

"Mimi ni mkia, Lyle. Mkia hauoni."

Marcy ndiye aliyeanza kucheka.

Lile ghala alipewa Corinne siku hiyohiyo, na maghala manne mengine akaahidiwa mwakani. Jina lake likasikika, tena zaidi ya mara moja. Bi Pilar alimuuliza afanye nini na mumewe, naye akasema abaki, kazi haikosekani. Lyle hakuwa na pa kwenda. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kampuni, na Humboldt haiwezi kuweka siri. Kufikia jioni wakulima wa hadi kule Garberville walikuwa wakiulizana rangi za mashati.

Jumatatu Corinne alirudishia kalsiamu kwenye tangi. Mimea ingepona, ila jani lililokwisha kuingia doa haliponi, hubidi lichumwe. Akampa mumewe kikapu.

"Chumba cha tatu. Chuma yenye madoa. Masafi yaache."

Lyle akadhani anataniwa. Alipoona sivyo, akasimama mbele ya mmea wa kwanza na kikapu chake, anayapapasa majani kwa gumba, moja, jingine, watu wazima kumi na wawili wakimwangalia. Mwisho akachuma moja. Marcy akalitoa kikapuni, akaenda nalo mlangoni, akaligeuza juani mbele na nyuma, akarudi.

"Safi kabisa hili, bosi. Umelisingizia." Akamnyooshea. "Sheria yako mwenyewe."

"Corinne," Lyle akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Tafadhali. Niambie tu yapi. Tafadhali, mke wangu."

Hilo neno tafadhali hakuwahi kumwambia tangu waoane. Corinne alikuwa amelingoja miaka kumi na moja, akidhani siku likija litamponya kitu. Aliutazama mgongo wake, shati alilompigia pasi alfajiri ile, pale mahali kitambaa kilipochakaa kwa vidole vyake. Ilikuwa hatua moja tu. Alitafuta huruma moyoni hakuiona, akaogopa, lakini hakuogopa vya kutosha.

Akageukia tangi, akainua chupa ya kalsiamu usawa wa macho apime vizuri. Nyuma yake alisikia Lyle anatafuna.