Ulimi wa Mama Eduviges

Siku ya kwanza nilidhani ni mkono tu umeteleza. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Juni, Lima imefunikwa na lile wingu lake la kijivu ambalo halinyeshi wala haliondoki, na Mama Eduviges alikuwa amerudi jikoni baada ya wiki mbili za mafua yaliyomlaza kitandani. Wateja tulikuwa tumemkosa sana. Kona ya Paita ni mgahawa wa meza sita tu, hapa mtaani kwetu Breña, milango miwili kutoka kwenye karakana yangu ya uchapaji. Miaka kumi na saba nimekula pale chakula cha mchana, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuomba chumvi. Siku hiyo supu ya samaki ilikuwa kama maji ya kusuuzia vyombo.

"Vipi, fundi?" aliniuliza kupitia kidirisha cha jikoni, shingo ameinyoosha.

"Tamu, mama. Tulikukosa."

Mkabala nami aliketi Mzee Saturnino, mfikisha barua mstaafu, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akila hapo kila siku isipokuwa Jumapili. Aliinywa supu yake mpaka tone la mwisho, akajifuta masharubu, akasema, "Mungu ambariki mpishi."

Basi na mimi nikanyamaza.

Kesho yake chumvi ilizidi. Keshokutwa wali ulikuwa sawa lakini maharage yalikuwa na kitunguu saumu kiasi cha kumtoa machozi farasi. Wateja wakala. Fundi viatu wa kona aliguna mara moja, jirani yake akampiga teke chini ya meza, akaacha kuguna. Mama Eduviges si mtu wa kuambiwa chakula chake kibaya. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuza samaki bandarini, aliyekuja kutoka Paita, bandari ya kaskazini, na kisu kimoja na mtoto mgongoni, na hakuna nyumba katika barabara ile ambayo haijawahi kupelekewa sufuria yake siku ya msiba.

Nilijua ukweli mwishoni mwa Julai. Nilichelewa kula siku hiyo, wengine walikuwa wameshaondoka. Nikaona moshi ukitoka kidirishani. Nikainuka kuchungulia. Vitunguu vilikuwa vinaungua kwenye kikaango, vimekuwa makaa kabisa, na Mama Eduviges alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo, amevipa mgongo, anakatakata giligilani huku akiimba.

"Mama, vitunguu!"

Aligeuka. Hakukiondoa kikaango motoni. Alikiinamia, akauweka uso wake katikati ya ule moshi, akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa ua. Mimi nilikuwa nakohoa upande wa pili wa ukuta. Yeye hakukohoa. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa ya moshi.

Alikuja kuketi mezani kwangu akijifuta mikono kwenye aproni.

"Tangu yale mafua," alisema. "Pua imekufa, fundi, na ulimi ukaifuata. Sisikii kitunguu, sisikii sabuni, sisikii chochote. Juzi nimejipulizia manukato mpaka Yovana akafungua madirisha yote."

"Daktari anasemaje?"

"Nisubiri. Nimesubiri wiki sita! Yeye anaweza kusubiri, hana sufuria jikoni."

"Na Yovana anajua?"

"Thubutu!" Alitazama mlangoni kama vile binti yake anaweza kutokea hapo hapo. Yovana alikuwa akisoma chuo asubuhi na kufika saa saba kasoro kuhudumia meza. "Akijua leo, kesho ataniketisha kwenye kigoda nichambue maharage kama bibi kizee. Nina miaka hamsini na minane, sijafa. Niapie hutamwambia mtu."

Nikamwapia. Ndipo akanishika mkono na kusema, "Mikono yangu bado ina akili. Inakumbuka kila kitu. Kinachokosekana ni ulimi. Niazime wako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuingia Kona ya Paita kwa mlango wa nyuma. Kila siku saa tano na nusu niliiacha mashine ya uchapaji, nikanawa wino, nikasimama jikoni mdomo wazi kama kinda la ndege.

"Chumvi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Hapo hapo. Usiguse tena."

"Ndimu?"

"Kali mno, mama, itanitoa meno."

"Hayo meno yenyewe umebakiwa nayo mangapi?"

Tulicheka sana miezi ile. Samaki na nyama nilivinusa kwanza vikiwa vibichi, kisha nikaonja sufuria moja moja. Na chakula kikarudi kuwa chakula. Siku moja fundi viatu alipiga meza kwa kiganja akapaza sauti, "Mama amerudi!" na wote wakapiga makofi. Nikaona haya usoni, kwa furaha, kana kwamba makofi yale ni yangu. Sina budi kulisema hili, maana ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia Mama Eduviges, mweleze binti yako, msaidiane. Sikumwambia hata mara moja. Yovana angejua, mimi ningerudi kuwa mteja tu.

Septemba ikafika. Oktoba ni mwezi wa rangi ya zambarau kwetu, mwezi wa maandamano makubwa ya Kristo, Bwana wa Miujiza, ambapo waumini huvaa rangi hiyo, na kabla yake wachapaji hatulali: picha za sala, vitabu vya novena za siku tisa, mabango. Ijumaa ya mwisho ya Septemba parokia moja ilikuwa inasubiri picha elfu tano kufikia adhuhuri, na mashine ikaamua kula karatasi. Saa tano na nusu nilikuwa chini yake nikiwa na bisibisi. Niliiona saa ukutani. Nilijua kabisa ni saa ngapi. Nikajiambia: siku moja tu, mikono yake ina akili.

Sikutuma hata neno. Ni milango miwili, jamani.

Kilichokuwa kimetokea ni kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo umeme ulikatika mtaani kwa saa nyingi, na jokofu lake likazima likiwa na jodari aliyemnunua Alhamisi. Asubuhi umeme ulikuwa umerudi, jokofu linanguruma kama kawaida. Zamani angemfungua samaki matamvua, akaingiza pua, akamtupa huku akiwatukana watu wa umeme na mama zao. Siku hiyo alimtazama kwa macho, akamwona anang'aa, akanisubiri. Sikufika. Akamkaanga, akamfunika kwa vitunguu vya siki na pilipili ya manjano, kama wapendavyo watu wa pwani yetu, akampoza. Yovana alipofika alisikia harufu ya siki tu, akaanza kubeba sahani.

Niliingia saa saba na nusu nikiwa na wino mpaka viwikoni. Ijumaa watu wengi wa mtaa ule hula tambi kwa mama mmoja wa upande wa pili, kwa hiyo meza zilikuwa tupu isipokuwa ile yetu. Mzee Saturnino alikuwa anakusanya vitunguu vya mwisho kwa kipande cha kiazi kitamu. Yovana akaniwekea sahani yangu. Niliinua uma, na chini ya siki nikaisikia ile harufu.

"Mzee, umemaliza wote?"

"Nimemaliza." Aliongea taratibu. "Ulimi unaniwasha kidogo."

"Hukusikia harufu?"

Aliangalia upande wa kidirisha, ambako Mama Eduviges alikuwa amesimama akitutazama, anatabasamu kwa wasiwasi, anasubiri kusikia. Mzee akanijibu kwa kunong'ona, "Alikuwa ananiangalia, fundi. Ningemwambia nini?"

Kabla sijajibu, uso wake ulikuwa umeanza kuiva. Wekundu ulipanda kutoka shingoni hadi upara, kama kaa aliyetiwa kwenye maji ya moto. Akashika kifua. Akatapika juu ya meza, akaomba radhi, akaanguka.

Tulimbeba mimi na Yovana hadi kwenye teksi. Mama Eduviges alibaki mlangoni, mikono imening'inia, akiuliza, "Ni nini? Ni samaki? Fundi, ni samaki?" Teksi ikaondoka.

Hospitalini walimchukua mbio, na baada ya muda muuguzi akatukabidhi vitu vilivyokuwa mifukoni mwake: funguo, leso, kadi ya pensheni, na kikaratasi cha gazeti kilichosokotwa. Yovana akakisokotoa. Ndani mlikuwa na chumvi. Aliimwaga kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanitazama.

"Mtu anatembea na chumvi ya nini, mjomba?"

Hapo nilifahamu kwamba mzee alijua tangu Juni. Pengine wote walijua, kila mmoja na chumvi yake mfukoni, kila mmoja akisubiri mama ageuke. Nikamweleza Yovana kila kitu. Alinisikiliza akiwa amesimama, kiganja bado wazi.

"Tangu Julai," alisema.

"Mama yako aliniapisha."

"Alikuapisha. Sawa. Na huyu aliyemo humo ndani, yeye ulimwapia nini?" Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Sahani ile nimeibeba mimi. Kwa mikono hii. Nimemwambia, karibu mzee, kula kwa afya. Ungeniambia neno moja tu, ningemnusa samaki mwenyewe. Nina pua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Mzee Saturnino hakufa. Sumu ya samaki aliyelala kwenye joto, madaktari walisema, mtu mwenye nguvu anaumwa siku moja na kuisahau; moyo wa miaka sabini na minne ni habari nyingine. Alilala wodini siku tisa. Alipotoka, binti yake Delfina alimchukua moja kwa moja kwenda kuishi naye Ventanilla, ufukweni nje ya jiji, na chumba chake cha Breña kikapata mpangaji mwingine. Pazia la chuma la Kona ya Paita lilishushwa Ijumaa ile na halikupandishwa.

Wiki tatu baadaye Mama Eduviges alikuja karakanani. Alikuwa amepungua. Alisimama katikati ya mitungi ya wino, ambayo harufu yake huwakimbiza watu, akavuta pumzi, akatikisa kichwa.

"Nipeleke kwa mzee," alisema. "Peke yangu sithubutu."

Delfina alitufungulia lango nusu. Mimi aliniruhusu. Kwa Mama Eduviges alisema, "Huyu hapana." Tukabaki pale, mimi nusu ndani nusu nje, upepo wa bahari ukitumwagia mchanga, mpaka sauti ikatoka dirishani.

"Delfina! Nani huyo?"

"Hakuna mtu, baba."

"Mbona huyo 'hakuna mtu' ana kwikwi? Huyo ni Eduviges analia. Mwache aingie."

Alikuwa ameketi kitandani na blanketi magotini, uso umekuwa mdogo. Mama Eduviges alipiga magoti, akaanza kuomba msamaha, maneno yakimparaganyika. Mzee alimwacha amalize.

"Eduviges," alisema, "chakula chako kilikuwa kibaya Juni yote na Julai yote. Ile supu ya Jumanne ningeweza kufulia nguo."

Mama aliinua kichwa. Nilidhani atacheka, na kweli mdomo ulianza kucheka, kisha ukapinda.

"Mbona hukusema?"

"Mke wangu alipofariki uliniletea sufuria mlangoni siku arobaini. Ningesema kwa mdomo gani?"

"Kwa huo huo uliokuwa unakula nao!" Alisimama. Alikuwa amekasirika kweli, kama zamani. "Mwanamume mzima, unaona samaki ameoza, unamtia tumboni ili nisikasirike! Ungenitupia sahani! Mmenifanya mimi nini, mtoto? Mgonjwa wa akili? Kila mmoja 'tamu mama, tamu mama', na mimi nalala nikidhani bado ni mpishi." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Wao hawakuniahidi kitu. Wewe ndiye niliyekungoja. Nilimtoa samaki, nikamweka mezani, nikakungoja mpaka saa sita na dakika kumi."

Mzee alifumba macho. Delfina akatuonyesha mlango, safari hii bila ukali.

Tuliposhuka Breña alisema tu, "Ningeweza kumtuma mtu akuite. Na mimi nilijiambia siku moja tu." Akaenda zake.

Mgahawa ulifunguliwa tena Januari. Yovana aliacha chuo. Sasa anapika yeye, vyakula vichache, hakuna samaki mbichi, na asubuhi humnusisha kila kitu mpishi msaidizi aliyemwajiri kabla ya kunusa mwenyewe. Mama Eduviges anakaa mlangoni kupokea watu. Wanasema juzi alisikia harufu ya kahawa, kidogo sana, kama ya nyumba ya mbali, au labda aliikumbuka tu. Mzee Saturnino amelala makaburini tangu Machi. Moyo, si samaki, alisema Delfina, lakini hakuniangalia alipolisema hilo.

Mimi nakula mkate karakanani. Mara moja nilikwenda, nikasimama mbele ya mlango adhuhuri. Mama Eduviges aliniona, akasogeza kiti chake kidogo ili nipite. Kisha Yovana akatokea kidirishani, akatutazama wote wawili, na mama yake akakirudisha kiti mahali pake.